Ubongo Ukiumia Hujifunza Upya: Mazungumzo na Wanaouguza Nyumbani

   Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu ni kutembea nyumba kwa nyumba.

Leo nataka tuzungumze juu ya ubongo. Najua wengi wenu mkisikia neno hilo mtasema hayo ni ya madaktari wakubwa. Lakini nawaomba msizime redio. Mtu akipata kiharusi, au mtoto akiugua malaria kali ikapanda kichwani, au kijana akianguka na bodaboda, hospitali hukaa naye siku chache au wiki chache. Baada ya hapo anarudi nyumbani, na anayebaki naye ni wewe mama, wewe dada, wewe mkaza mwana. Kazi ya kuufundisha upya ubongo ulioumia hufanyika zaidi kwenye mkeka wako kuliko kwenye kitanda cha hospitali. Ndiyo maana ni lazima tujue jinsi inavyofanyika.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mama yangu mzazi alipata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, anakunywa chai. Kikombe kikamponyoka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande, na maneno yakawa hayaeleweki. Mimi nilikuwa kazini, ng'ambo ya feri. Majirani ni watu wema, walikuja mbio. Wakasema ni upepo mbaya umempitia, wakamkanda mafuta, wakamsomea dua, wakamlaza apumzike. Nilipopigiwa simu ilikuwa imeshapita adhuhuri. Simlaumu mtu. Hata mimi muuguzi nilikuwa na deni langu, maana nilijua mama ameacha dawa za presha miezi mingi, kwa kuwa hakusikia kichwa kuuma, na sikumfuatilia.

Alilazwa, Mungu akamjalia akaishi, akarudi nyumbani. Mkono wa kulia hauinuki, mguu wa kulia unaburura, na maneno machache tu yanatoka. Mimi nikasema, huyu mama amenilea, sasa ni zamu yangu. Nikawa namlisha mimi, namvisha mimi, namfunga leso mimi, namchana mimi. Akitaka maji, kabla hajanyoosha mkono nimeshayaleta. Mtaa mzima ukanisifu, wakasema, huyo ndiye mtoto mwenye radhi.

Baada ya miezi mitatu mkono ule ulikuwa umejikunja kama ngumi. Nikampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yule bibi alimtazama mama, kisha akanigeukia mimi.

"Nani anamlisha?"

"Mimi."

"Nani anamvisha?"

"Mimi."

"Nani anamfungia vifungo?"

"Mimi."

"Basi dada, mkono unaofanya mazoezi ni wa nani?"

Nikanyamaza. Mkono uliokuwa ukifanya mazoezi ni wangu. Na mkono wangu haukuwa mgonjwa.

Wasikilizaji, swali lile ndilo nimewaletea leo. Tulielewe vizuri, twende polepole.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu kasoro. Ndani yake mna chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, na kila chembe imeunganishwa na nyingine nyingi kwa nyuzi nyembamba mno. Ni kiungo kidogo lakini kina njaa kubwa: hutumia karibu moja ya tano ya nguvu zote za mwili. Damu ikikatika hata kwa dakika chache, chembe zinaanza kufa. Upande wa kushoto wa ubongo huendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye kazi ya kusema. Upande wa kulia huendesha mkono na mguu wa kushoto. Ndiyo maana mama yangu alipoteza mkono wa kulia na maneno kwa pamoja.

Chembe zilizokufa kwa kawaida hazirudi. Hilo ni kweli na sitawadanganya. Zamani hata madaktari wengi waliishia hapo, wakaamini kwamba ubongo wa mtu mzima ukishaharibika basi. Leo tunajua kuna mambo mawili zaidi.

La kwanza, si chembe zote zinazonyamaza zimekufa. Pembeni ya mahali palipoumia kuna chembe zilizopigwa na bumbuwazi, kwa uvimbe na kwa kukosa damu ya kutosha. Uvimbe ukishuka, nyingine huamka katika siku na wiki za mwanzo. Ndiyo maana unaweza kumwona mgonjwa anaanza kucheza vidole bila ya kufanyiwa jambo kubwa.

La pili ndilo kubwa. Chembe zilizobaki hai zinaweza kushika kazi za zile zilizokufa. Zinatoa nyuzi mpya, zinaunganika upya, na njia ndogo zilizokuwa hazitumiki zinafunguka. Chukueni mfano wa Likoni. Feri zikiharibika, je, watu hawavuki? Wanavuka. Mwenye gari anazunguka kwa Dongo Kundu. Ni mbali, mara ya kwanza unapotea, unachelewa kazini. Ukipita kila siku, unaizoea, unajua mashimo yake, na safari inakuwa nyepesi. Ubongo nao hufanya hivyo. Kivuko kimezama, basi utatafuta njia ya kuzunguka.

Lakini sharti lake ni moja: njia ipitwe. Njia isiyopitwa huota nyasi. Mgonjwa asipoutumia mkono, ile sehemu ya ubongo inayouendesha huzidi kupungua, na ubongo hujifunza kwamba mkono huu hauna kazi. Kwa maneno mengine, hata kutotumia ni somo, na ubongo hulishika upesi. Mimi kwa mapenzi yangu nilikuwa namfundisha mama kila siku kwamba mkono wake si wake tena.

Jambo hili limepimwa. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Edward Taub, ndiye aliyeonyesha jinsi kiungo kinavyoachwa na ubongo kwa kutotumika. Kutokana na kazi yake, ulifanywa utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2006, wa watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Waliopewa matibabu haya walivishwa glavu kubwa kwenye mkono mzima, karibu muda wote walio macho, kwa wiki mbili, ili walazimike kuutumia ule mnyonge, na huku wakifanyishwa mazoezi kwa saa nyingi kila siku. Mwaka mmoja baadaye bado mikono yao ilifanya kazi vizuri kuliko ya wenzao. Sasa nisikilizeni: watu wale walikuwa na uwezo kidogo wa kusogeza kifundo na vidole. Kwa hiyo usiende kumfunga mgonjwa wako mkono mzima kwa kamba kesho asubuhi. Muulize kwanza mtaalamu. Lakini somo lake ni letu sote: mkono hurudi kwa kutumika.

Kuna kisa kingine ninachokipenda kwa sababu aliyefanya kazi si daktari, ni mtoto wa mgonjwa. Mwaka 1959, mwalimu mmoja wa chuo huko New York, Pedro Bach-y-Rita, alipata kiharusi akiwa na umri wa miaka 65. Akapooza upande mmoja na hawezi kusema. Alipewa mazoezi wiki chache, hakuona nafuu. Mwanawe George, aliyekuwa bado mwanafunzi, akamchukua nyumbani. Hakujua elimu yoyote ya kurudisha viungo. Akasema, kila mtu alianza kwa kutambaa, basi baba naye atatambaa. Akamweka sakafuni, bega mnyonge limeegemea ukuta. Majirani wakachukia, wakaona ni aibu mzee msomi kutambaa mbele za watu. Yeye akaendelea, miezi na miezi. Akamwoshesha vyombo, akamchezesha michezo ya sakafuni. Mzee yule alipata kusimama, akatembea, akasema, na akarudi kufundisha. Alikufa miaka kadhaa baadaye, milimani huko Colombia, kwa ugonjwa wa moyo. Ubongo wake ulipochunguzwa, madaktari walishangaa. Pale palipoharibika palikuwa bado pameharibika sana. Hapakupona hapo. Kazi ilikuwa imehamia kwingine.

Si kila mgonjwa atafika alipofika yule mzee. Lakini kumbukeni majirani wake, maana na nyinyi mtakuwa nao.

Basi, twende kwa yale ya kufanya.

Kwanza kabisa, dalili. Kumbuka mambo manne: uso, mkono, maneno, saa. Mwambie atabasamu: je, mdomo unakwenda upande? Mwambie ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie aseme jina lake na mahali anapoishi: je, maneno yanavurugika? Ukiona moja tu katika hayo, tazama saa, kisha ondoka naye uende hospitali. Kama ni damu iliyoganda mshipani, kuna dawa ya kuiyeyusha, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni lazima kwanza apigwe picha ya ubongo kwa mashine ya CT. Kwa hiyo wakipiga simu kukuambia amepumzika kidogo, usikubali apumzike. Dua ziendelee, ila ziendelee garini. Na usimpe aspirini wala chakula wala maji. Huenda mshipa umepasuka na aspirini itaongeza kuvuja, na huenda koo limelegea na maji yakaingia mapafuni.

Akirudi nyumbani, mambo ni haya.

Usimvute mkono mlegevu. Wengi tunamwinua mgonjwa kwa kumshika kwapa au kumvuta mkono ule uliopooza. Bega linachomoka taratibu, linakuwa na maumivu, na mwenye maumivu hatafanya mazoezi. Mshike kiunoni, au kwa mkanda wa leso uliofungwa kiunoni, na mkono mnyonge uuwekee mto akikaa.

Mgeuze kila baada ya saa mbili kama hawezi kujigeuza, usiku na mchana, ili asipate vidonda.

Mlishe akiwa amekaa wima, kidogo kidogo. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa ya majimaji, simama, mrudishe kliniki akaangaliwe kumeza kwake.

Mazoezi yaanze mapema kadiri wahudumu watakavyokuelekeza. Siku ya kwanza ya kiharusi si ya kumlazimisha mtu asimame kwa muda mrefu. Lakini hali ikitulia, kila siku ni ya kazi. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi. Lakini usisikie mtu akikuambia kwamba baada ya miezi sita mlango umefungwa. Unakuwa mzito, haufungwi.

Na mazoezi gani? Hapa ndipo mama wa nyumbani anapomshinda daktari, kwa sababu ubongo hujifunza vizuri zaidi kazi yenye maana kwa mgonjwa mwenyewe. Kufinya mpira mara hamsini kunachosha. Lakini nyanya aliyesuka ukili miaka arobaini, mpe ukili. Vidole vina kumbukumbu yake. Kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu, kukanda unga wa mahamri, kuanika nguo na kubana vibanio, kukunja leso, kuhesabu sarafu za nauli, kucheza bao na mjukuu. Kazi iwe ngumu kidogo kuliko anavyoweza leo, isiwe ngumu sana hata akate tamaa. Airudie mara nyingi. Kumi hazitoshi, mamia ndiyo yanayohitajika kwa wiki. Halafu apumzike na alale vizuri, maana somo la mchana ubongo hulipanga usiku.

Mimi nilianza na kijiko. Niliviringisha kitambaa kwenye mpini wa kijiko uwe mnene, nikamwekea mama sahani yenye ukingo mrefu, na chini yake kitambaa kibichi isiteleze. Nikaketi mbele yake na mikono yangu nikaikalia. Ndugu zangu, ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya katika uuguzi. Wali ulimwagika kifuani, ulimwagika mkekani. Mama akalia. Shangazi yangu akaja juu. "We mtoto, humuonei huruma mamako? Unamtesa mbele ya macho yetu!" Nikamjibu, "Shangazi, namuonea huruma, ndiyo maana nimekaa hapa." Mlo wa mchana ulichukua saa nzima. Siku ya kumi na kitu alifikisha vijiko vitatu mdomoni bila kumwaga. Akanitazama, akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo.

Na maneno nayo? Anayepoteza maneno mara nyingi akili yake ipo na anakusikia. Usiseme habari zake mbele yake kama kwamba ni kiti. Zungumza naye polepole, sentensi fupi, na zima televisheni. Muulize maswali ya ndiyo na la. Mpe muda, hesabu moja mpaka kumi moyoni kabla hujamsaidia neno. Na mwimbieni! Wengine hawawezi kusema neno lakini wanaweza kuimba wimbo wanaoujua, au kusoma dua waliyoizoea tangu utotoni, kwa kuwa hayo yana njia nyingine ubongoni. Mama kwa miezi aliniita kwa jina la dada yake. Niliitika.

Sasa nigeukie watoto.

Malaria hapa Pwani imepungua sana ukilinganisha na miaka ya 1990, lakini haijaisha, na ile kali ikifika ubongoni mtoto hupata degedege na kupoteza fahamu. Jirani zetu wa Kilifi wana kituo cha utafiti, KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989, na miongoni mwa kazi zake ni kuwafuata watoto waliopona malaria ya namna hiyo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu fulani: lugha, kumbukumbu, umakini, au kutembea. Uganda nako, watoto waliotibiwa Mulago, Kampala, walipopimwa miaka miwili baadaye, walipatikana na upungufu kwa kiasi kama hicho.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu mtoto huyu mara nyingi anaonekana mzima. Homa imekwisha, anakula, anakimbia. Halafu anaanza shule, anasahau anachotumwa, hatulii, hajui kumaliza sentensi. Mwalimu anasema mzembe, baba anasema mkaidi, na fimbo inafanya kazi. Nimekutana na mama mmoja aliyeniambia kwa machozi kwamba amempiga mwanawe mwaka mzima kwa kosa la kusahau, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ule ugonjwa wa miaka mitatu nyuma ungeweza kuwa ndio sababu. Nilipomwuliza habari za mtoto, alinieleza degedege ile kwa kila kitu, siku, saa, hata rangi ya leso aliyomfunikia. Hakuna aliyemwuliza kabla.

Basi mama, kama mwanao aliwahi kulazwa kwa malaria iliyompotezea fahamu, au homa ya uti wa mgongo, au aliumia kichwa, au alizaliwa akachelewa kulia, mweleze mwalimu na mhudumu wa kliniki. Mwangalie: anaona, anasikia, anasema kama wenzake wa umri wake? Anatumia mikono yote miwili? Anapata tena degedege bila homa? Ukiona moja katika hayo, mpeleke. Kifafa kina dawa, na kila degedege refu ni jeraha jingine.

Degedege ikimshika, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimfukize wala kumnywesha mafuta ya taa. Wengine husema ni nyuni. Sitabishana na wazee wangu hewani. Nasema hivi tu: hata kama unataka kumwita mganga, anza hospitali. Ikipita dakika tano, au ikirudi bila ya yeye kuzindukana, ni dharura.

Na habari njema ni kwamba ubongo wa mtoto ni mwepesi kujipanga upya. Samaki mkunje angali mbichi. Watoto wengi waliotoka hospitali hawaoni au wana ulegevu wa viungo, hali zao huwa nafuu katika miezi sita ya mwanzo. Na mafunzo husaidia. Huko Uganda, watoto waliopona malaria ya ubongo walipewa michezo ya kompyuta ya kufundisha kumbukumbu na umakini, vipindi 16 kwa muda wa wiki nane, na wakaonyesha maendeleo kuliko wenzao ambao hawakupewa.

Wewe huna kompyuta? Una mdako. Una vijiwe vitano na shimo. Mtoto arushe, adake, ahesabu: hapo macho, mkono na hesabu vinafanya kazi pamoja. Ficha kizibo chini ya kikombe kimoja kati ya vitatu, akitafute. Mtume dukani vitu viwili bila kuandika, akiweza ongeza viwe vitatu. Mtegee vitendawili jioni. Msimulie hadithi, kesho akusimulie wewe. Kama mkono mmoja ni mnyonge, mpe vitu vya mikono miwili: kufungua chupa, kuchuna maharagwe, kupiga makofi. Robo saa, mara mbili kwa siku, kila siku, bila matusi na bila fimbo. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu zangu, kuna mengine sitayaficha. Mgonjwa atachoka, atakasirika, wengine watalia bila sababu. Huzuni baada ya kiharusi ni sehemu ya ugonjwa na ina matibabu, iseme kliniki. Na wewe unayeuguza utachoka pia. Gawaneni kazi. Waite wanaume wa nyumba nao wakae na kijiko. Si kazi ya binti mmoja. Kulala kwako usiku mmoja kwa wiki si uvivu, ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa.

Msaada upo. Kuna idara za mazoezi ya viungo katika Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara. Ukiwa Changamwe anzia Port Reitz, na ukiwa Likoni anzia hospitali yenu hapo. Wa Kisauni mnaijua Bombolulu, ambako chama cha walemavu wa viungo, APDK, kimekuwa na karakana tangu mwaka 1969. Nenda ukaone watu wanavyofanya kazi kwa viungo walivyonavyo, hofu itakupungua. Jiandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kabla hamjaugua.

Na presha, jamani, presha! Utafiti wa Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Tanzania, kati ya mwaka 2003 na 2006, ulikuta kiharusi ni kingi mno mjini Dar es Salaam, kuliko hata nchi nyingi tajiri, na presha isiyotibiwa ni mmoja wa wahusika wakuu. Presha haina maumivu. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya wa mitaani wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya kupimia. Akibisha hodi, mkaribishe, mpe mkono. Dawa ukianza usiache kwa kuwa umesikia vizuri. Umesikia vizuri kwa sababu ya dawa. Punguza chumvi. Na vijana wetu wa bodaboda, helmeti ni ya kichwa, si ya kutundika kwenye usukani.

Najua mtaniuliza, mama yako yuko wapi leo? Yupo, alhamdulillahi. Hakurudi kuwa yule wa zamani. Anatembea kwa mkongojo, vifungo bado vinamshinda, na jina langu hulipata mara mbili katika tatu. Mkono wa kulia haukuni nazi, lakini unaikamata kwenye mbuzi wakati mjukuu anakuna. Leso yake anajifunga mwenyewe. Inamchukua muda, na mimi husimama mlangoni na kikapu changu, nachelewa kazini, nangoja. Ile miezi mitatu niliyompotezea kwa kumfanyia kila kitu siwezi kumrudishia. Ndiyo maana nimekuja hapa kuwaambia nyinyi mapema.

Ujumbe wa leo basi ni huu. Ukiona uso, mkono au maneno yamebadilika, tazama saa, nenda hospitali. Akirudi nyumbani, mpe kazi yenye maana, irudiwe, iongezwe ugumu kidogo kidogo. Mtoto aliyepona ugonjwa wa ubongo afuatiliwe, achezeshwe, asipigwe. Na leo hii, mgonjwa wako akinyoosha mkono kutafuta kikombe, kabla hujakimbia kumletea, jiulize lile swali la yule bibi: mkono unaofanya mazoezi ni wa nani?

 Maswali yenu waachieni wahamasishaji wa mtaa wenu, tutayajibu katika kipindi kijacho. Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na wanaowauguza nguvu.